Kinachobaki kwa Mwenye Mashine

Jumatatu, 10 Oktoba 1988. Tuwan, Kitale

Leo ndiyo leo! Mashine imepukuchua gunia lake la kwanza la mahindi huko upande wa Kiminini, na mimi Lenah Nasimiyu, mjane, mama wa watoto watatu, nimesimama kando na makapi yamenijaa mpaka ndani ya masikio, nacheka peke yangu kama mtu aliyerukwa na akili.

Kaka yangu Mukhisa, mwalimu kule Kabuchai, alikuja jana kunipa pole badala ya hongera. "Lenah, mshahara unaujua kabla mwezi haujaisha. Hii kazi yako, utajuaje umepata ngapi?" Nikamwambia sikukalia kiti cha karani wa chama cha ushirika miaka kumi na minne bure. Nitajua. Akatikisa kichwa vile anavyowatikisia wanafunzi wa darasa la tatu, na mimi nikakasirika nikamnyima chai ya pili. Ndiyo maana nimeanza kuandika hapa. Msimu ukiisha nimsomee, neno kwa neno.

Mpango ni huu. Mkulima ananilipa shilingi kumi na mbili kwa kila gunia. Kutoka hapo nalipa watu wangu, dizeli, na trekta ya kutuvuta kutoka shamba hadi shamba. Mashine niliinunua kwa Mzee Cheruiyot wa Endebess. Nimempa nyingi, zimebaki elfu nne na mia tano. Nisipomaliza kabla Januari haijaisha, mashine inarudi kwake na zile nilizolipa zimekwenda. Tulikubaliana hivyo mbele ya mashahidi, na mzee yule hana utani.

Jumatano, 12 Oktoba

Gunia tisini. Mgongo si wangu.

Jumamosi, 15 Oktoba

Niwaandike watu wangu. Kimeli ndiye fundi, analisha mashine na anaijua kuliko mimi. Akisikia inakohoa, anaizima kabla haijakwama. Namlipa moja na nusu kwa gunia. Chepkemei anashona magunia, na binamu zake wawili wanajaza na kubeba. Hao ni shilingi moja kwa gunia kila mmoja. Kila Jumamosi tunalipana hapo hapo shambani, mbele ya mashine.

Kimeli ni mtu wa maneno machache. Leo nilipotoa bunda la noti nililopewa na mkulima, aliliangalia mpaka likaisha mkononi mwangu. "Pesa ni mingi, Mama," alisema. Nikacheka. Nilifikiri ananisifu.

Alhamisi, 27 Oktoba

Mvua ya ghafla. Mahindi mabichi, mashine inatafuna badala ya kupukuchua. Kazi hakuna.

Ijumaa, 28 Oktoba

Mvua.

Alhamisi, 10 Novemba

Mwezi umetimia. Nimehesabu magunia: elfu mbili! Yaani mikononi mwangu zimepita shilingi elfu ishirini na nne. Kule ofisini ningekaa mwaka mzima na zaidi kuziona. Nimeimba jikoni mpaka watoto wakaniuliza kama naolewa tena. Jumapili ni Sikukuu ya Mavuno. Mungu amenipa, na mimi sitakuwa bahili kwake.

Jumapili, 13 Novemba

Nimetoa fungu la kumi. Elfu mbili na mia nne, ndani ya bahasha, jina langu juu.

Mchungaji Khaemba amehubiri wiki tatu kwamba fungu la kumi linatoka juu, kabla hujagusa kitu. Basi nikatoa juu. Na kanisani kwetu siku ya Mavuno bahasha zinasomwa kwa sauti. Mtu na jina lake na kiasi chake. Mwalimu mkuu, mia mbili. Mwenye duka la mbolea, mia tano. Halafu, "Dada yetu Lenah Nasimiyu... elfu mbili... na mia nne!" Akina mama wakapiga vigelegele mpaka mabati yakalia. Chepkemei alikuwa safu ya nyuma ameziba mdomo. Kimeli alikuwa mlangoni na hakupiga makofi. Yule bwana wa miwani anayeimba sauti ya nne kwenye kwaya, ambaye sikumjua jina, aligeuka akaniangalia vizuri.

Nilijisikia mtu. Niseme ukweli, nilijisikia mtu kuliko siku yoyote tangu nimzike mume wangu, Baba Nekesa.

Jumatatu, 14 Novemba

Mkanda wa injini umekatika. Mia sita na hamsini. Mwenye trekta anataka zake za mwezi mzima, leo. Dizeli imeisha.

Nimefungua kibweta cha pesa. Nimekifunga. Nimekifungua tena, kana kwamba kuna mtu angeniwekea kitu humo wakati kimefungwa.

Jumamosi, 19 Novemba

Siku ya kulipana, na sina za kutosha. Nimeuza redio ya marehemu kwa mwenye duka la vifaa hapa Tuwan. Nimewalipa watu wangu wote, senti haikupungua. Sikumwambia mtu. Watoto nimewaambia redio iko kwa fundi.

Kimeli alipopokea zake hakuondoka. "Mama, juzi kanisani umetoa elfu mbili na mia nne. Mimi napata moja na nusu. Si utuongezee?"

"Kimeli, sina."

"Sawa, Mama." Na hiyo "sawa" yake ilikuwa chungu kuliko tusi. Afadhali angenitukana, bana, tugombane yaishe. Sasa amenyamaza na mimi namchukia kidogo. Ninamlipa kabla ya kujilipa mimi, halafu ananiangalia kama mwizi!

Jumatatu, 21 Novemba

Gunia mia moja na kumi. Hakuna aliyeongea na mwenzake ila mashine.

Ijumaa, 2 Desemba

Barua ya kodi. Nimeitwa ofisini Jumatatu.

Nimekaa kwenye kiti cha jikoni nikaitazama. Miaka kumi na minne kodi ilikatwa kabla sijaona mshahara, sikuwahi kuifikiria. Ilikuwa kitu cha watu wa hesabu, na mimi nilipewa kilichobaki. Sasa wananiuliza mimi mwenyewe kilichobaki ni ngapi.

Jumatatu, 5 Desemba

Ala! Yule wa sauti ya nne! Nimeingia ofisini, nani yuko nyuma ya meza na miwani yake? Anaitwa Bwana Kagwe. Kumbe ndiye mtu wa kodi, na Jumapili zote hizo tumekuwa tukisema amina pamoja.

Alikuwa na adabu, siwezi kumsingizia. Alinipa kiti, akauliza habari za watoto. Kisha akasema, "Mama Lenah, ulitoa fungu la kumi elfu mbili na mia nne kwa mwezi wako wa kwanza wa kazi. Mimi nikazidisha mara kumi. Msimu una miezi mitatu. Hiyo ni elfu sabini na mbili kufikia mwisho wa mwaka. Umeajiriwa na wewe mwenyewe, hakuna wa kukukatia. Kwa makadirio yangu, kodi ni kama elfu tisa na mia nne."

Elfu tisa na mia nne! Huko benki sina hata hizo zote, na za Cheruiyot bado.

Nikamfokea. Nilisema kanisa si mahali pa kupeleleza watu, nikasema na mengine ambayo siyaandiki. Aliningoja nimalize. "Mama, sikupeleleza. Ilisomwa kwa sauti. Kama si kweli, uniambie iliyo kweli."

"Zile si zangu! Zilipita tu mkononi!"

"Kodi inatozwa kwa kinachobaki," akasema. "Hiyo ndiyo nataka. Una risiti za dizeli?"

Baadhi.

"Za trekta?"

Mwenye trekta hata kalamu hana.

"Na watu wako?"

Nani Trans-Nzoia hii anamwandikia mshona magunia risiti?

"Basi waje waseme wenyewe," akasema Bwana Kagwe. "Kila mmoja aseme anapata ngapi. Nitaandika, waweke sahihi au dole. Lakini kabla Januari haijafika katikati, kwa sababu baada ya hapo makadirio yangu ndiyo yatasimama."

Nimetoka namwona fisi. Fisi anayeimba zaburi.

Jumanne, 6 Desemba

Nimewaomba. Chepkemei akatazama chini. Kimeli akasema, "Watu ya kodi? Nikienda niseme napata pesa, si wataniandika na mimi? Hapana. Mimi sitaki jina yangu iwe huko." Kisha akaongeza polepole, "Na wewe, Mama, ungesema tu ukweli. Pesa ni yako."

Anadhani nadanganya. Anadhani nataka waniongopee kwa serikali! Nimeondoka kabla sijampiga na gunzi.

Jumapili, 11 Desemba

Baada ya ibada nimemfuata Mchungaji Khaemba na kumwambia yote. Nilikuwa nimejiandaa kugombana naye, kwa maana ni yeye na "juu" yake. Aliketi kwenye benchi la nje, akavua kofia. "Dada Lenah, nilisema juu. Lakini juu ya chako. Sikusema juu ya cha Kimeli na cha mwenye trekta." Akaniambia zile pesa zimekwisha nunua mabati ya vestri, kile chumba cha mchungaji, na tangu zamani hakuna mtu amewahi kurudishiwa sadaka. Macho yake yalikuwa na maji. "Nilipaswa kukuuliza. Nilifurahi sana nikasahau kuuliza."

Nikakisia tu, bila kupima, kwamba fungu langu la kumi nimekwisha lipa labda miaka mitatu mbele. Nikamwambia. Tukacheka wote wawili, na kucheka kwenyewe kulikuwa karibu na kulia.

Jumatano, 14 Desemba

Gunia themanini na tano.

Jumapili, 25 Desemba

Krismasi. Mukhisa amekuja na kuku. Nikamweleza. Nilingoja "si nilikuambia," na ikaja, lakini ilikuja taratibu. "Kuna nafasi ya karani kule Bungoma. Nimeulizia. Rudisha mashine kwa mzee kabla hajaichukua kwa aibu. Utalala usingizi."

Na ni kweli, silali.

Jumatano, 4 Januari 1989

Cheruiyot amepita shambani. Alizunguka mashine yangu polepole, akaipiga kofi ubavuni, akaulizia afya yake, yaani ya mashine. Mimi hakuniulizia.

Jumamosi, 7 Januari

Leo nitaandika yote.

Tulikuwa kwenye shamba la Mama Jepkemboi, karibu na mlima. Saa nne hivi tukaona mtu anakuja kwa miguu kupitia mabua, suruali imekunjwa, gambuti za mpira miguuni, miwani. Bwana Kagwe! Siku ya Jumamosi, siyo ya kazi. Nilijua amekuja kunichukulia mashine, nikasimama mbele yake kama kuku mwenye vifaranga.

"Hamkuja ofisini," akasema. "Nikasema nije mimi."

Kimeli akazima injini. Kukawa kimya mpaka tukasikia ndege.

Bwana Kagwe hakutoa karatasi. Alikwenda kwenye lundo la magunzi, akachagua kumi na mawili yanayolingana, akayapanga kwa mstari juu ya turubai. "Hili ni gunia moja. Gunzi moja, shilingi moja. Mama Lenah anapewa hizi zote. Sasa kila mtu achukue yake."

Hakuna aliyesogea.

"Nasema wazi," akaendelea. "Nimepima. Fundi wa mashine na washona magunia, kwa kazi hii, hamjafika pale kodi inapoanza. Kuna kiwango ambacho kila mtu anaachiwa kwanza. Sikuja kwa ajili yenu. Nimekuja kujua za huyu mama."

Nikaona yameniishia. Kisha Chepkemei akanyanyuka, akajipangusa sketi. "Mimi nachukua moja," akasema, akaokota gunzi. "Na binamu zangu, moja na moja. Na nitasema kingine. Ile wiki ya mkanda, huyu mama hakuwa na pesa ya kutulipa. Aliuza redio. Niliiona dukani, naijua, ina kovu kwa kifuniko. Mtu ako na pesa nyingi hauzi redio ya bwana yake."

Sikujua ameiona. Uso wangu uliwaka moto.

Kimeli alimtazama Chepkemei, akanitazama mimi. Akapiga magoti kwenye turubai. Akachukua gunzi moja, na lingine akalivunja katikati kwa goti. "Moja na nusu," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Dizeli na oili?" Bwana Kagwe akauliza. Kimeli mwenyewe ndiye aliyejibu, maana ndiye anayemimina. Mawili na nusu. Trekta, moja na nusu. Mikanda, vyuma na chai ya watu, moja na robo hivi. Bwana Kagwe akachukua na lingine karibu zima, akasema hili ni la mashine yenyewe, kwa sababu kila msimu inazeeka na siku moja nitanunua nyingine, na sheria inaniruhusu kuliondoa.

Kwenye turubai likabaki gunzi moja na kipande.

"Hiki ndicho chako, Mama," akaniambia. Akaweka kando yake gunzi na nusu la Kimeli.

La Kimeli lilikuwa refu zaidi.

Nami nilikuwa sijawahi kuliona. Naapa. Karani wa miaka kumi na minne, nimepiga hesabu za watu wote, na hili la kwangu sikuwahi kuliweka chini nilitazame. Kila Jumamosi niliwagawia watu, na kilichobaki nikakiita faida bila kukipima. Nililia hapo mbele yao wote, sikuona haya, nililia kama mtoto.

Bwana Kagwe aligeuka akatazama mlima kwa adabu mpaka nilipomaliza. Kisha akatoa karatasi. Gunia zote tangu Oktoba hadi mwisho wa Desemba, elfu tano na mia nane. Baada ya kuondoa yote, langu la msimu ni elfu saba na mia saba. Sadaka haiondolewi, akasema, hiyo ni yangu na Mungu. Kodi, baada ya kile wanachoniachia, ni mia mbili na kumi.

Mia mbili na kumi!

"Mwaka ujao," akasema akifunga kalamu, "usingoje mimi nije na magunzi. Kila Jumamosi ukiwalipa hawa, weka kando na ya kodi. Na yako pia uiweke kando, mama. Yako ina haki yake."

Watu wangu wakaweka sahihi. Chepkemei aliandika jina lake lote kwa herufi kubwa. Bwana Kagwe akakataa chai, akaondoka kupitia mabua yale yale. Na mimi ndiye niliyemwita fisi. Nimeandika hapa na sitafuta, ili nijue mdomo wangu ulivyo.

Jumatatu, 9 Januari

Nimelipa mia mbili na kumi kwa mkono wangu mwenyewe. Nimemlipa Cheruiyot elfu nne na mia tano mbele ya mashahidi wale wale. Amehesabu mara mbili, akatabasamu kwa shida. Mashine ni yangu. Benki imebaki mia nane na kidogo, ada za watoto bado, na nilitembea mjini Kitale kama bibi harusi.

Nimemwandikia Mukhisa: asante kwa nafasi ya Bungoma, wampe mwingine.

Jumanne, 10 Januari

Kimeli hajaongea tangu Jumamosi. Nimeogopa. Mtu akiona aibu anaweza kukuacha upesi kuliko mtu aliyekasirika.

Jumatano, 11 Januari

Shamba jipya, upande wa Saboti. Mwenye shamba ni Mzee Kiptanui, mtu wa kubana, kila mwenye mashine anamjua. Nikashuka nikaanza salamu, nikiwa tayari kusema kumi na mbili, na kama angevuta sana, kumi na moja na nusu. Nimekuwa tayari hivyo msimu mzima, ingawa hakuna aliyenishusha.

Kimeli akanipita. Akasimama kati yangu na mzee, mikono yake bado ina oili, akaongea naye kwa Kikalenjin, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nisikie.

"Mzee, bei ni kumi na nne."

"Kumi na nne! Msimu huu wote ni kumi na mbili. Mashine yenu inapukuchua dhahabu?"

"Kumi na mbili ni yetu. Ni ya watu, ya dizeli, ya trekta," Kimeli akasema. "Hiyo mbili ni ya huyu mama."

"Si mashine ni yake? Yote ni yake!"

"Hapana, mzee. Nimehesabu na macho yangu. Msimu mzima tumekula sisi, yeye anakula makombo." Akapumua kwa nguvu. "Na mimi nilikuwa nasema anatukula. Nilisema hivyo kwa watu Tuwan. Kwa hivyo leo nasema hapa, na wewe unasikia. Kumi na nne, ama tuvute mashine twende."

Nilitaka kusema hapana, kumi na tatu inatosha. Nikarudi nyuma hatua moja, nikamwachia Kimeli.

Mzee Kiptanui alitazama ghala lake lililojaa, akatazama mawingu upande wa mlima, akatema mate pembeni. "Haya. Washeni."

Kimeli alikwenda akazungusha injini. Jioni mzee aliponipa pesa, Kimeli aliomba aziguse kwanza. Alihesabu zile mbili mbili za kila gunia, polepole, akizitenga na zingine, akaja akaniwekea mkononi kabla sijamlipa mtu yeyote.

"Hii usilipe nayo mtu, Mama," akasema. "Hata mimi nikiomba."